Shwari ya Buruburu si shwari ya Lamu: maneno ya kununua mashine ya mashua

Mwamkie kijana wa Buruburu asubuhi, naye atakujibu, "Shwari." Anamaanisha kwamba mambo yake yako sawa. Neno hilo limetuzoea kiasi kwamba tangu mwaka 2012 limo ndani ya simu zetu, katika huduma ya akiba na mikopo ya M-Shwari. Lakini mwambie nahodha wa mashua ya tanga kule Lamu kwamba leo kuna shwari, naye ataangalia kwanza mtungi wake wa mafuta. Kwake yeye, shwari ni kutulia kwa bahari pasi na upepo. Tanga huning'inia kama shuka kwenye kamba ya kuanikia, mkondo ukaanza kukichukua chombo unakotaka wenyewe, na samaki waliomo wakaanza kuharibika. Anachokiita mwana-Buruburu raha, nahodha hukiita tatizo. Dawa ya tatizo hilo siku hizi ni mashine ndogo inayopachikwa nyuma ya chombo.

Makala haya yanahusu msamiati anaohitaji mtu anayetaka kuchagua mashine hiyo. Msomaji ataniuliza: Eastlands na mashua wapi na wapi? Kutoka Kaloleni hadi Kayole hakuna bahari, na maji ya kutisha tunayoyajua ni ya Mto Nairobi unapofurika. Ni kweli, lakini tuwahesabu watu badala ya maji. Nyumba za Kaloleni, Makongeni na Jericho zimelea vizazi vya watu ambao kwao ni Mbita, Homa Bay, Siaya na Busia. Majengo ya Pumwani, mtaa ulioanza katika miaka ya 1920, uliwapokea Waislamu wengi pamoja na Kiswahili chao. Samaki wa ziwani huteremshwa Gikomba kungali giza. Basi ndugu aliye ziwani au pwani anapotaka mashine, simu hupigwa Nairobi: "Wewe si uko karibu na maduka? Hebu niangalizie mashine ya boti." Anayetumwa, aghalabu, hajawahi kushika kafi maishani mwake.

Hapo ndipo lugha inapogeuka kuwa pesa. Neno moja likikosewa kwenye kaunta, mashine inayopakiwa kwenye buti ya basi haitafaa itakapofika. Likikosewa zaidi, anayeumia si mnunuzi bali aliye majini.

Bahari iliyohamia barabarani

Kabla ya kuingia dukani, tukumbuke kwamba Kiswahili cha Nairobi kimejaa bahari hata kama jiji lenyewe halina pwani. Dereva wa matatu ya Umoja hushika "usukani", neno lililokuwa la ubao wa kuongozea chombo majini kabla ya kuwa gurudumu la kuongozea gari. Timu ya kandanda ina "nahodha". Watangazaji wetu husema kwamba mashindano "yameng'oa nanga", ijapokuwa uwanja wa City hauna hata dimbwi la kutia nanga. Kuna pia maneno yanayofanana kwa sauti tu: mchezaji kamari wa Dandora "huweka dau", ilhali mvuvi wa Lamu hupanda dau lake akaenda kuvua. Dau la kwanza likipotea ni hasara. La pili likipotea ni msiba.

Neno linalonivutia zaidi ni "stima". Chanzo chake ni jina la Kiingereza la meli ya mvuke, na kwa muda mrefu pwani stima ilikuwa chombo cha baharini kinachokwenda bila tanga. Kenya bara tukalichukua neno hilo tukalifanya jina la umeme. Jirani wa Huruma anapolalamika kwamba "stima zimepotea", hakuna meli iliyozama. Watanzania, wanaosema "umeme", hutushangaa.

Funzo ni hili: neno likisafiri hubadilisha mzigo. Kwa hiyo anayenunua kwa niaba ya mtu wa majini asiridhike kwamba ametamka neno sahihi. Ahakikishe kwamba yeye, muuzaji na mtumiaji wote wanalipa neno hilo maana moja.

Mashine, injini au mota?

Chombo chenyewe tukiiteje? Mtu wa majini atakwambia "mashine" tu, na kila mtu wa huko ataelewa. Ukisema "mashine" ukiwa Eastlands bila kuongeza kitu, utaelekezwa kwenye kinu cha unga au cherehani. "Injini" ni ya gari. "Mota" kwa fundi wetu ni kifaa cha stima: cha kuzungusha kinu, pampu au waipa za kioo. Ukimwomba fundi wa Kariobangi "mota ya boti", usimlaumu akikuuliza betri yako ni ya volti ngapi.

Napendekeza "mashine ya kupachika". Kitenzi "kupachika" kinaeleza tendo lenyewe: mashine haijengwi ndani ya chombo, bali inabanwa kwa skurubu mbili kubwa kwenye ubao wa nyuma, na inaweza kung'olewa jioni ikabebwa nyumbani. Wazo hili si geni. Mwaka 1909, mjini Milwaukee, Marekani, Ole Evinrude, fundi aliyezaliwa Norway, alitengeneza mashine ya namna hiyo yenye nguvu ya farasi mmoja na nusu na uzani wa kilo 28 hivi. Injini, mhimili wa kuteremsha nguvu majini, na mapanga ya kusukuma vyote vilikuwa kitu kimoja. Kimsingi umbo halijabadilika sana tangu hapo.

Farasi wangapi?

Swali la kwanza la muuzaji huwa ni nguvu. Kamusi zinatufundisha kusema "nguvu za farasi", kipimo kinachohusishwa na James Watt, aliyetaka wateja wake walinganishe injini za mvuke na wanyama waliowazoea. Farasi mmoja ni sawa na wati 746 hivi. Dukani, farasi huyo keshapotea. Kinachobaki ni namba:

"Niaje fundi, uko na fiftini?"

"Fiftini zimeisha, kiongozi. Lakini kuna foti hapa, hii ndiyo mashine! Hii itaruka."

Nguvu ya mazungumzo haya ni ufupi wake, na hatari yake ni hiyo hiyo. Muuzaji anauza kuruka, ilhali mashua ya tanga hairuki. Chombo kizito chenye mkuku hukata maji kikajichimbia bonde kati ya wimbi la omo na wimbi la tezi, yaani la mbele na la nyuma. Kikifika kasi fulani hunaswa ndani ya bonde hilo, na ukiongeza nguvu unachochea mawimbi na kuchoma petroli tu. Kasi hiyo inakadirika. Chukua urefu wa chombo kwa mita, pale kinapogusana na maji, utafute kipeuo chake cha pili, kisha uzidishe kwa 2.43. Mashua ya mita 6 inakupa takriban noti 6, yaani maili 6 za baharini kwa saa, au kilomita 11. Ya mita 9 hufikia kilomita 13 na nusu hivi. Kufunga farasi 40 kwenye mashua kama hiyo ni sawa na kuingia Jogoo Road saa kumi na mbili jioni na gari la mashindano. Utafika City Stadium pamoja na matatu kuukuu iliyo mbele yako, ila wewe utakuwa umemaliza mafuta.

Zile boti za kubeba abiria kwa kasi kule Lamu ni hadithi nyingine. Ni nyepesi, tumbo lake ni bapa, na zikisukumwa vya kutosha hupanda juu ya maji badala ya kuyakata. Zinahitaji farasi wengi. Mashua ya tanga huhitaji mashine ya kuitoa kwenye shwari, kuivusha mkondo na kuiingiza bandarini.

Kanuni inayotumiwa na wengi ni farasi 4 kwa kila tani moja ya uzani. Uzani huo si wa mbao peke yake. Jumlisha watu, nyavu, barafu, mafuta na samaki mnaotarajia kurudi nao. Mashua ya mita 6 yenye tani moja na nusu ikiwa imepakia, basi, inahitaji farasi 6. Ngalawa ya nusu tani hutosheka na 2 au 3. Kama kazi ni ya kupambana na mikondo, ongeza kidogo. Katika ufuo wetu maji ya bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na maji yote hayo hulazimika kupita katika milango myembamba kama ule mlango wa Mkanda baina ya Manda na bara. Aliye na farasi 2 pale atapiga kelele papo kwa papo huku mikoko ikibaki ilipokuwa.

Kwa hiyo, simu ikipigwa, usiulize "unataka ngapi?" Uliza: "Chombo chako kina urefu gani, na kikijaa kina uzani gani?"

Mguu wa mashine

Kosa la farasi hukugharimu petroli. Kosa la pili ni baya zaidi, na ndilo linalowapata wengi kwa kuwa halionekani kwenye picha ya dukani. Mashine ya kupachika ina mguu unaoteremka kutoka kwenye kichwa hadi majini. Mafundi huuita "shafti", ingawa shafti halisi ni ule mhimili uliomo ndani ya mguu. Miguu hii huuzwa kwa urefu maalumu: mfupi wa inchi 15 (sentimita 38), mrefu wa inchi 20 (sentimita 51), na mrefu zaidi wa inchi 25 (sentimita 64). Kipimo huanzia pale mashine inapokalia ubao hadi kwenye kibati kilicho juu kidogo ya mapanga.

Kwa nini jambo hili linahusu uhai? Tuseme mashine ya mguu mfupi imefungwa kwenye ubao mrefu. Katika maji tulivu itakwenda. Wimbi likiinua tezi, mapanga hutoka majini au huvuta hewa. Mashine hulia kwa kasi ya ajabu, chombo hakisogei, na usukani unakosa nguvu. Hali hiyo haitokei siku ya amani. Hutokea pale mwamba uko upande mmoja na mkondo upande wa pili. Ndiyo maana mashua nyingi za tanga, ambazo nyuma yake huinuka sana zikipanda mawimbi, hufaa mguu mrefu.

Hapa tena msamiati wa pwani unatusaidia kuuliza vizuri. "Mashua" ni chombo chenye ubao uliokatwa wima nyuma, na mashine hukaa pale. "Dau" limechongoka mbele na nyuma, halina ubao wa kukalia mashine, kwa hiyo huhitaji kibao au chuma cha pembeni. Ziwani kuna tofauti iyo hiyo: mitumbwi aina ya Sesse ipo iliyochongoka pande zote mbili, na ipo iliyokatwa nyuma. Mwana-Nairobi aliyezoea kuita kila kinachoelea "boti" anaifuta tofauti hii kwa neno moja, kisha anashangaa mashine inapokosa pa kukaa. Mwombe ndugu apime kwa futi ya seremala, kutoka ukingo wa juu wa ubao wa nyuma hadi chini ya tumbo la chombo, akutumie kipimo pamoja na picha. Ukifika kaunta uliza, "Hii ni shafti ya inchi ngapi?" wala si "Hii ni shoti ama longi?" maana "ndefu" ya muuzaji anayetaka kufunga duka huwa ndefu kuliko ya rula.

Mipigo miwili au minne

Baada ya nguvu na mguu huja namna ya kuchoma mafuta. Mafundi husema "tu stroki" na "fo stroki". Kiswahili chepesi kinachoeleweka ni "mipigo miwili" na "mipigo minne", yaani safari za pistoni kupanda na kushuka kwa kila mlipuko mmoja wa mafuta. Nduthi nyingi zinazopita mtaani kwako ni za mipigo minne. Msumeno wa kukatia miti, ule wenye moshi na kelele, ni wa mipigo miwili.

Mashine ya mipigo miwili ni nyepesi, ina vipuri vichache, na fundi wa ufukweni ataifungua akiwa chini ya mwembe. Kasoro zake ni kwamba inakunywa petroli zaidi, ina moshi, na oili yake huchanganywa na petroli hiyo hiyo kisha sehemu yake huishia majini wanakoishi samaki tunaowavua. Mchanganyiko wa kawaida ni sehemu 50 za petroli kwa moja ya oili, yaani mililita 400 katika mtungi wa lita 20, ila kitabu cha mashine ndicho kinachoamua. Anayesahau oili huua mashine siku hiyo hiyo. Kwa lugha ya mtaa, itakuwa "imenok".

Ya mipigo minne ina oili yake peke yake kama gari. Ni tulivu na haili sana: ya farasi 6 ikikazwa kabisa hutumia takriban lita 2 kwa saa. Lakini ni nzito zaidi kwa nguvu ile ile. Nyepesi ya farasi 2 na nusu ina kilo 17 hivi, ya farasi 6 hukaribia kilo 25 au kuzidi, na ya 15 hubebwa na watu wawili. Uzani huo wote unakaa kwenye ncha ya tezi, mahali ambapo mashua ndogo haipendi kulemewa.

Kuna neno moja la kumwambia makanga kabla basi halijaondoka. Mashine ya mipigo minne hailazwi ovyo. Mtengenezaji huonyesha ubavu wa kuilazia, na ikilazwa ubavu mwingine oili huingia kusikotakiwa. Petroli nayo imwagwe yote kabla ya safari. "Weka tu hapo chini, itakaa" ni maagizo ya kupakia gunia la viazi.

Rafadha, pangaboi, propela

Kipande kinachosukuma maji kina majina matatu. Kamusi zinatupa "rafadha". Wapo wanaosema "pangaboi", neno ambalo wengine hulitumia kwa feni ya kuning'inia darini. Duka litakuuzia "propela". Sina ugomvi na lolote, mradi tuulize swali linalofaa: mapanga yake yameinama kiasi gani?

Juu ya propela huchongwa namba mbili za inchi. Ya kwanza ni upana wa duara linalochorwa na mapanga. Ya pili ni umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama maji yangekuwa mbao nayo ikawa skurubu. Namba hii ya pili ikiwa kubwa, ni propela ya mbio. Ikiwa ndogo, ni ya kusukuma mzigo. Tofauti yake ni kama ya gia ya nne na gia ya kwanza: hakuna dereva anayepandisha matatu iliyojaa mlimani kwa gia ya nne. Mashua ya tanga inahitaji ile ya mzigo. Nunua pia pini za akiba, kwani mashine nyingi ndogo hutumia pini laini inayokatika propela ikigonga jiwe ili gia zisivunjike. Pini ni kitu kidogo sana dukani, lakini ikikatika ukiwa mbali na ufuo huna nyingine, thamani yake hubadilika.

Anayenunulia mtu wa Ghuba ya Winam akumbuke gugumaji. Mizizi yake hujisokota kwenye mapanga na kuziba matundu yanayovuta maji ya kupoza mashine. Mashine inayoinuliwa kwa urahisi, ili mtu aondoe uchafu bila kuingia majini, inafaa kuliko yenye mbwembwe. Kuinuka huko kunafaa pia upepo ukirudi, kwa sababu propela iliyoachwa majini wakati tanga linafanya kazi hulivuta tanga nyuma.

Mtumba na pipa la maji

Wengi wetu tutanunua mtumba. Mtumba wa mashine si kama wa shati la Gikomba ambalo doa lake huonekana ukilishika. Fundi mwaminifu atazamisha mguu wa mashine katika pipa la maji ndipo aivute kamba. Asiyefanya hivyo akaiwasha kavu anaharibu kipande cha mpira kinachosukuma maji ya kupoza, na pengine anaficha kwamba kimeharibika. Mashine ikiwa hai, kijito cha maji hutoka kwa nguvu pembeni. Wapo mafundi wanaosema kwamba mashine "inakojoa", nami sioni neno litakaloeleza afya hiyo vizuri zaidi. Isiyokojoa, iache.

Fungua pia skurubu ya chini ya gia. Oili ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Uliza ilifanya kazi wapi, kwa maana chumvi ya bahari hula alumini, na mashine isiyosafishwa kwa maji baridi kila baada ya safari huwa imeoza ndani huku rangi ya nje iking'aa. Mwisho, tazama namba ya mashine na udai risiti. Mashine huibwa majini, na ile unayoambiwa ni "bei ya kutupa" huenda ilimwacha mvuvi mwingine akielea gizani. Usisahau ile kamba fupi inayofungwa mkononi au kiunoni mwa mwendeshaji, ambayo akianguka majini huizima mashine. Kama haipo, inunuliwe pamoja na jaketi la kuokolea kabla ya senti moja kutumika kwa rangi.

Na ya stima je?

Mashine za kupachika zinazotumia betri zimeanza kuonekana katika Ziwa Victoria. Hazina moshi wala kelele, na jua la kuzichaji tunalo. Hesabu yake ni nyepesi: betri yenye kilowati-saa moja huiendesha mashine ya kilowati moja kwa muda wa saa moja, kisha kazi imekwisha. Kwa mwenye tanga anayehitaji kutoka bandarini na kurudi, inaweza kutosha. Kwa anayevuka mkondo usiku, mtungi wa petroli bado una maneno ya kusema. Hata hivyo, nafurahia namna lugha inavyozunguka. Neno lililotoka baharini likiwa meli, likawa umeme katika mitaa ya Nairobi, linarudi majini likisukuma mashua: mashine ya stima.

Maneno ni ya nani?

Wapo watakaosema kwamba "shafti", "propela" na "imenok" ni uchafuzi, na kwamba tungoje istilahi sanifu. Wengine watasema kwamba omo, tezi, bamvua na mkuku ni maneno ya wazee wa pwani ambayo Eastlands haiyahitaji. Naona pande zote mbili zinakosea kwa sababu moja: zinadhani kwamba neno lina makao mamoja.

Maneno ya chombo yalikomaa pwani kwa sababu huko ndiko vyombo vilikoundwa. Maneno ya mashine yanakomaa Kariobangi Light Industries na Kamukunji kwa sababu huko ndiko vyuma vinakofunguliwa. Haya ya pili yana nguvu kuliko tunavyodhani. "Jua kali" lilikuwa jina la mafundi wanaofanya kazi bila paa. Mwaka 1992 serikali ya Kenya ililiweka katika anwani ya waraka wake rasmi kuhusu biashara ndogondogo, na leo hakuna mwanauchumi nchini asiyelijua. Sheng yenyewe, iliyoitwa lugha ya wahuni, imekwisha kuandikiwa vitabu vya kitaaluma, kikiwemo cha Chege Githiora cha mwaka 2018. Neno linalofanya kazi hatimaye hupata kiti.

Kigezo changu, basi, si usafi wa neno. Nauliza kama yule atakayekuwa majini usiku angelielewa kama alivyolielewa aliyelitamka kaunta. Kwa kigezo hicho, tezi na shafti zinaweza kukaa katika sentensi moja bila kugombana. Ukitumwa, sema hivi: "Fundi, natafuta mashine ya kupachika ya farasi sita, mipigo minne, shafti ya inchi ishirini, na propela ya mzigo, si ya mbio. Ni ya mashua ya tanga, na itafanya kazi baharini." Muuzaji ataona kwamba unajua unachotaka, na hatakuuzia ile iliyokaa dukani kwa kukosa mnunuzi. Akikujibu, "Hiyo iko, bosi, shwari kabisa," mwambie aiwashe kwanza ndani ya pipa.